Mgomba wa Kumzika Ombui

Mtu mzima na akili zake, mzee wa kanisa, tai shingoni, anakata mgomba, anaufunga shuka, anasema huyu ni ndugu yangu, tumzike. Na ndugu mwenyewe yuko hai, walevi wanamtazama kila Ijumaa! Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka, na msiniambie eti yaliyopita si ndwele. Kwangu ni ndwele. Aliyekuwa azikwe pamoja na ule mgomba ni dada yangu.

Dada yangu ni Mong'ina, mzaliwa wa Marani, nyumba ya Wakatoliki kama mimi. Alipoolewa Gesima kwa Wasabato walimzamisha mtoni, wakamtoa majini na jina la Esnah. Sawa, mke hufuata kanisa la mume, hilo sikugombana nalo. Mong'ina alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuuliza kama umeumia. Mimi Mokeira tabia hizo sina. Nimeuza ndizi Kisii mjini miaka mingi, na mtu mpole hauzi ndizi.

Mumewe, Zablon Ombui, alikuwa kichekesho kinachotembea. Alijua kuiga watu. Sokoni Gesima angemwiga mchungaji anavyokohoa kabla ya sadaka, akamwiga chifu anavyopanda baiskeli, watu wakaacha kununua wakabaki kushika mbavu. Alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja wa chai upande wa Kericho, na Uhuru ulipokaribia yule Mzungu akafunga mizigo, akamwambia twende Uingereza, utarudi baada ya muda mfupi. Muda mfupi! Aliacha mke kijana, watoto wawili wa kike, kipande cha shamba mlimani na mama yake mzazi, Bitutu. Barua zikaja, zikachelewa, zikakoma.

Sasa lile shamba. Ombui aliliacha msitu. Mong'ina ndiye aliyeng'oa visiki, akabeba miche ya chai kichwani, akapanda mstari kwa mstari huku mtoto mgongoni. Miaka saba baadaye ilikuwa chai ya kupendeza macho, na hapo ndipo shemeji yake alipoanza kuyafungua macho yake. Huyo ni Machogu, kaka yake Ombui, mwenye kofia ya kahawia ambayo huivua kanisani tu. Machogu alianza kusema kwamba kijana mmoja wa Nyamira aliyerudi kutoka London alimwambia Ombui alikufa mwaka wa sitini na tano, kwa baridi, barabarani. Kijana gani? Mwana wa nani? Hatukuonyeshwa hata kivuli chake.

Mzee Bitutu alikataa kumlilia mwanawe kwa maneno ya kusikia, na jambo likalala. Likaamka mwaka wa sabini na tatu, wapimaji wa ardhi walipofika Gesima kuandika kila shamba na mwenyewe. Kwetu mtu akifia mbali na mwili usipatikane, hukatwa mgomba ukazikwa mahali pake, mke akanyolewa, na nyumba ikawa imeondokewa rasmi. Baada ya hapo ndugu wa marehemu huchukua mke na shamba. Mong'ina hakuwa na mtoto wa kiume wa kumsemea. Mgomba ukiingia ardhini, chai ni ya Machogu, na dada yangu ni wa Machogu, atamchumia chai aliyoipanda mwenyewe na kumpikia ugali jioni. Haya, elewa basi kwa nini nina hasira.

Na huyu ni mzee wa kanisa! Amehubiriwa miaka yote kwamba mambo ya mizimu ni giza. Sabato anaishika, na mgomba anauzika. Nilimwuliza hivyo mbele ya watu, akaniambia, "Shemeji, wewe ni Mkatoliki, haya huyaelewi." Lo! Mimi na mgomba tusielewane?

Siku ilipangwa, Jumapili moja ya mwezi wa nane, wapimaji wakitarajiwa wiki inayofuata.

Zikiwa zimebaki wiki chache, Mong'ina alishuka mjini siku ya Ijumaa kuniletea ndizi. Alikuwa na haraka, maana kwao jua la Ijumaa likizama, Sabato imeingia, na mtu hupaswa kuwa nyumbani ameoga, ameshapika. Lakini mvua ya Kisii haijui dini. Ilitukamata sokoni, tukakimbilia baraza la baa ya Ongeri, tukasimama na vikapu vyetu tukinyeshewa miguu. Ongeri alikuwa amenunua televisheni, ameiweka juu ya kreti za bia, na dirisha lilikuwa wazi. Ndani walikuwa wakitazama mchezo wa Waingereza wa kuchekesha, ule ambao watu wasioonekana hucheka hata kabla hujajua kuna nini.

Mong'ina alikuwa akitazama jua linavyozama nyuma ya mawingu, ana wasiwasi. Akageuka mara moja tu. Nikasikia kikapu kimeanguka.

"Mokeira," akasema, "yule ni baba Nyamoita."

Nyamoita ni binti yake mkubwa. Nikachungulia. Mle kwenye televisheni kulikuwa na hoteli ya Wazungu, na mhudumu mweusi aliyebeba sinia la supu. Kichwa kilikuwa upara mtupu, unang'aa. Nikataka kumwambia dada yangu kuwa amechoka, Ombui alikuwa na nywele za kichaka. Kisha yule mhudumu akakohoa kabla ya kuinama. Kile kikohozi! Kikohozi cha mchungaji wa Gesima kabla ya sadaka, chenyewe, hakuna kingine duniani. Akamwagia bibi wa Kizungu supu, bwana wa Kizungu akampiga teke la makalio, watu wasioonekana wakacheka, akatoka. Hakurudi tena.

Nikaingia ndani, maji yakinichuruzika. "Ongeri, yule aliyemwaga supu ni nani?"

"Nani, Mzee wa Mateke?" Ongeri akacheka. "Huyo yumo kila mahali. Mchezo wowote wa Waingereza, kaa utulie, atatokea. Anaingia, anapigwa teke, anatoka."

Yaani walevi wa Kisii walishampa jina! Walikuwa wakimnywea bia, na mkewe anatafutiwa wembe wa kunyolewa.

Ijumaa zilizofuata nilikaa kwa Ongeri tangu jua kuzama, na mimi hata pombe sinywi. Kweli alitokea. Mara ni kondakta wa basi, bibi mmoja anamvuta tai. Mara ni mgonjwa hospitalini, amefungwa bandeji mwili mzima, nimemjua kwa macho tu. Mara ni mfungwa, mara ni mfalme wa nchi isiyokuwepo, mara anapita tu barabarani na ngazi, anamgonga mtu. Michezo mbalimbali, Wazungu mbalimbali, yeye yule yule. Wengine wote walikuwa na majina ya kuitwa. Yeye waliita, "We!" Nikawa narudi nyumbani nimekasirika kuliko nilivyokwenda. Mtu mwenye kipaji kile, aliyesimamisha soko zima la Gesima, kwenda kufanywa kiti cha kupigwa mateke!

Nikapanda Gesima kuwaambia. Machogu aliwaita wazee wa ukoo, wote watu wa kanisa lake, tukakaa nje ya nyumba ya Bitutu. Nikaeleza. Mong'ina naye akaeleza, kwa sauti ile yake ndogo. Nikamaliza nikisema, "Msituamini. Njoni mjini mwone wenyewe."

"Siku gani?" mzee mmoja akauliza.

"Ijumaa."

"Saa ngapi?"

"Jua likishazama."

Wakatazamana. Machogu akatabasamu, jamani, nililiona lile tabasamu. "Ijumaa jua likishazama ni Sabato takatifu," akasema. "Na mahali ni wapi, shemeji?"

Nikasema ni kwa Ongeri.

"Baa." Akalitamka kama mtu anayeshika panya kwa mkia. "Wazee wa kanisa waende baa, usiku wa Sabato, watazame michezo ya Wazungu, kwa ushahidi wa Mkatoliki muuza ndizi. Wazee, mmesikia."

Nikamwambia basi wakaiulize hiyo televisheni imlete Jumanne, kama mahakama. Wazee wakainua Biblia zao, wakaondoka. Kumzika mtu aliye hai hakuna dhambi, ila kumtazama siku ya Sabato ndiyo dhambi! Nililia njia nzima, na mimi si mtu wa kulia.

Kwenye kikao kile chote, mzee Bitutu alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga. Mwanamke yule alikuwa nguzo ya kanisa la Gesima. Siku ya Sabato hakuwasha hata moto. Chakula alikula cha jana, kimepoa, na akishukuru. Kwake sikuwa na tumaini lolote, nikajiambia mama ni wa Machogu kama alivyo wa Ombui.

Ijumaa ya mwisho kabla ya ile Jumapili, alasiri, nikiwa sokoni, nikaona watu wawili wanakuja kati ya mikungu. Mmoja Mong'ina. Wa pili Bitutu, amevaa gauni lake jeupe la meza ya Bwana, Biblia kwapani.

"Mama," nikasema, "mbona huku? Jua linakwenda."

"Naliona," akasema. "Yesu aliwauliza, ni nani mwenye kondoo mmoja, akitumbukia shimoni siku ya Sabato, asiyemshika akamtoa? Mokeira, kondoo wangu yuko ndani ya sanduku la Ongeri. Nipeleke."

Nikafunga biashara pale pale.

Ongeri, Mungu ambariki na dhambi zake zote, alipomwona akafuta kiti kwa shati lake mwenyewe. Akawaambia walevi, "Leo kuna mama wa watu hapa. Atakayetukana nitamtoa nje kwa ukosi." Akamletea soda. Bitutu akaisukuma, akasema kununua siku ya Sabato ni kosa. Ongeri akamjibu, "Hii haijanunuliwa, mama. Mgeni hanunui." Bitutu akafikiri kidogo, akainywa.

Nikaomba kimoyomoyo awe mhudumu, awe kondakta, awe mtu aliyevaa nguo. Wapi! Mchezo ulikuwa wa Wazungu waliopotea msituni Afrika, wamevaa kaptula, wanagombania chupa ya maji. Majani yakafunguka, akatoka mtu wetu. Kiunoni majani ya mgomba, puani mfupa, mkononi mkuki wa mbao, na ule upara umepakwa chokaa mistari. Hata babu zetu hawakuwahi kuvaa hivyo. Mong'ina akafunika uso. Bitutu hakufunika.

"Ana upara," akasema polepole. "Upara wa baba yake."

Yule mkubwa wa Wazungu akamwuliza Ombui kitu kwa Kiingereza. Nadhani waliomwajiri walimwambia aseme maneno yoyote tu ya kishenzi, nani atajua? Ombui akasonga mbele, akainua mkuki, akatutazama sisi, akapaza sauti ya kutisha:

"Baba, bwakire buya!"

Baa nzima ikageukia televisheni. Kwetu mama ndiye tunayemwita baba. Mtu alikuwa amesimama London, mbele ya Wazungu, akimwamkia mama yake kwa Ekegusii.

Wasioonekana wakaangua kicheko.

Akaendelea, mkuki juu, macho yamemtoka, sauti ya mtu anayetaka kuua, na maneno yenyewe yalikuwa haya: "Mimi ni Ombui, mwana wa Nyasani wa Gesima! Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mvua imenyesha? Nimechoka, mama! Hawa hawajui ninasema nini!"

Kila sentensi, kicheko. Yule Mzungu akamgeukia mwenzake akamwuliza jambo, mwenzake akajibu, wakacheka zaidi. Nikamshika Ongeri mkono: "Wamesema nini?"

"Amemwuliza huyu anasema nini," Ongeri akajibu, na sauti yake haikuwa ya kawaida. "Mwenzake amesema, anataka kutupika."

Mnasikia? Mtu anamwuliza mama yake habari za ng'ombe, wao wanasema anataka kuwapika! Nilitaka kuirukia ile televisheni. Kulikuwa na mlevi mmoja pale, mtu wa Marani kama mimi, alilia machozi kama mtoto.

Lakini Bitutu alikuwa amesimama. Alijibu kama mtu anavyojibu salamu nyumbani kwake, bila haraka. "Buya mono, mwanangu. Amezaa. Amezaa mara nyingi. Na mvua imenyesha." Akangoja ajibiwe. Badala yake Ombui akageuzwa, akapigwa teke lake, akaangukia majanini, na ikawa basi.

Kanisa lilikuja kumtoa mama yule kwenye ushirika kwa ajili ya jioni ile. Alikaa benchi la nyuma miezi mingi na hakulalamika hata siku moja. Mimi ndiye niliyelalamika kwa niaba yake, na sijamaliza.

Usiku ule Bitutu na Mong'ina walilala kwangu. Sabato yote Bitutu alishinda na Biblia yake, na kila baada ya muda alirudia, "Upara wa baba yake." Nikadhani huzuni imemzidi. Mong'ina naye alikuwa kimya, lakini ule ukimya haukuwa wake wa siku zote. Nilimpa chai, ikapoa.

Jumapili asubuhi tukapanda Gesima, tukakuta watu wamejaa. Shimo lilikuwa limechimbwa kando ya nyumba ya Mong'ina, na mgomba umelazwa pembeni, umefungwa shuka nyeupe, mnene kama mtu aliyeshiba. Wembe ulikuwa tayari kwenye sahani. Machogu alikuwa na tai na kofia, uso wa msiba.

"Mama, tulikuwa tukikutafuta," akasema.

"Nimefika. Machogu, ndugu yako alikufa mwaka gani?"

"Si unajua, mama. Sitini na tano."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Thelathini na kitu."

"Na nywele alikuwa nazo?"

Machogu akatazama watu. "Mama, haya ni maswali gani? Alikuwa nazo, tena nyingi."

Bitutu akamsogelea, akainua mkono, akamvua kofia. Kichwa cha Machogu kikang'aa mbele ya ukoo mzima.

"Huu ni wa baba yenu," akasema. "Nimelala nao, naujua. Hauanzi mpaka mtu avuke arobaini. Wako umeanza juzi, nimeutazama ukiingia. Sasa Ijumaa nimemwona Ombui kwa macho yangu, nimemsikia kwa lugha yangu, ameniamkia, na hana unywele hata mmoja. Nieleze, mwanangu. Huko kaburini London zilikuwa zikimtoka kidogo kidogo?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, wa pili akafuata. Waliochimba wakaweka majembe chini.

"Umekwenda baa!" Machogu akapiga kelele. "Siku ya Sabato, mama! Baa!"

"Nimekwenda, na Mungu nitamjibu. Na wewe utamjibu kuhusu mgomba wako."

Yule mzee aliyeuliza siku gani na saa ngapi akajikuna kidevu, akasema mtu akidanganya mwaka, kifo chenyewe kitaaminiwa vipi. Wapimaji wakija wataliandika shamba kwa jina la Ombui, na mkewe atabaki juu yake. Wengine wakaitikia. Sasa ndiyo wanaitikia! Nilitaka kuwauliza utakatifu wao ulikuwa wapi wiki zote zile, lakini nikamtafuta dada yangu kwanza, nimkumbatie, ashukuru Mungu na sisi.

Mong'ina hakuwa akishukuru. Alikuwa ameingia ndani na kutoka na panga. Akalipita shimo, akaipita sahani ya wembe, akavuta ile shuka nyeupe, akaanza kuukata mgomba. Watu wakafurahi, wakasema ndivyo, ng'ombe wapewe wale. Na kweli ng'ombe walikuwa wakingoja kwenye boma, mjukuu wa yule mwekundu mbele yao, ulimi nje.

Nikasogea kumsaidia. Hapo ndipo nikamsikia. Sauti ile ndogo, kila panga lilipoteremka.

"Hukunitaja," akasema. Akakata. "Hukunitaja." Akakata. "Ng'ombe umemtaja. Mvua umeitaja. Mimi hukunitaja."

Sikumshika mkono. Nilivibeba vile vipande, nikavimwaga bomani, na ng'ombe wakala vyote.